Acheni Kusema “Angetaka, Angeacha”

Kuna sentensi moja ninayoisikia katika mikutano yetu karibu kila mara jina la mlevi fulani linapotajwa. Husemwa kwa upole, na mara nyingi msemaji ni mtu mwema: “Angetaka, angeacha.” Watu hutikisa kichwa, shauri hufungwa, na mkutano huendelea na jambo lingine. Leo nataka kuipinga sentensi hiyo mbele yenu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, si kweli. Ya pili, niliona ikikaribia kumwua mtu, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioisema.

Alikuwa mpiga ngoma wa kwaya yetu, na kipaji chake hakikuwa na mfano katika parokia. Tangu alipokuwa na miaka 14 tulikwenda naye kwenye arusi na kwenye matanga, naye akapiga ngoma usiku kucha. Hatukuwa na franka za kumlipa, basi tulimlipa kwa chupa. Tuliona ni heshima: kijana amefanya kazi ya wanaume, apewe kinywaji cha wanaume. Alipofika miaka 24 alikuwa akifungua siku kwa lutuku, ili mikono yake isitetemeke juu ya ngoma. Ndipo tulipokutana, tukaisema ile sentensi, tukamwondoa katika kwaya. Barua ya kumwondoa niliiandika mimi.

Yeye alitubu. Dominika moja alisimama mbele ya jumuiya, akaapa kwamba hataonja tena kilevi. Tulipiga makofi. Jioni hiyo hiyo baadhi ya wakubwa wetu wa sala walimchukua kwa mfungo wa siku 3, bila chakula na bila maji. Usiku wa pili mwili wake ulikazana, akaanguka, akatoa povu. Mmoja akasema: “Pepo anatoka.” Walimshika mikono na miguu, wakasali hadi alfajiri. Siku ya tatu alikuwa akiona wadudu ukutani, wala hakumtambua mama yake. Ni mama huyo, ambaye hakuketi shuleni hata miaka 4, aliyesema: “Huyu ni mgonjwa,” akampakia katika pikipiki na kumpeleka hospitali.

Daktari aliuliza swali moja tu: “Alikunywa mara ya mwisho lini, na kwa kawaida alikuwa akinywa kiasi gani kwa siku?” Nusu ya kwanza tuliijibu. Nusu ya pili hakuna aliyeijua. Tulikuwa tumemhukumu mtu kwa jambo ambalo hatukuwahi kumwuliza.

Kilichotokea usiku ule

Nilirudi kwa daktari yule baada ya wiki moja, nikamwomba anieleze. Alichonieleza, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndicho ninachowaletea.

Ubongo wa binadamu ni chembe za neva nyingi zisizohesabika kwa macho, na chembe hizo huzungumza kwa kutumiana kemikali. Kati ya kemikali hizo, mbili zinafanya kazi kama moto na breki za pikipiki. Glutamati huamsha: hufanya chembe ziwake, zisikie, zikumbuke. Gaba hutuliza: huzizuia zisiwake kupita kiasi. Mtu mwenye afya anaishi katikati ya hizo mbili.

Pombe inapoingia, huitia nguvu gaba na kuizuia glutamati. Yaani hukaza breki na kupunguza moto. Ndiyo maana anayekunywa huanza kwa kulegea na kusahau hofu, kisha ulimi wake huwa mzito, miguu hukosa mwelekeo, na mwisho hulala. Akinywa mara moja, ubongo hurudi mahali pake. Lakini akinywa kila siku, miezi na miaka, ubongo hutafuta njia ya kuishi na breki iliyokazwa daima. Hupunguza usikivu wake kwa gaba na kuongeza milango ya kupokelea glutamati. Sasa mtu huyo anahitaji pombe nyingi zaidi ili alegee kidogo tu, na bila pombe hawezi kutulia kabisa. Lutuku ya asubuhi ya mpiga ngoma wetu haikuwa anasa. Ilikuwa breki pekee iliyobaki.

Sasa mwondolee mtu huyo pombe kwa siku moja. Breki inatoka, moto unabaki umeongezwa. Katika saa chache za kwanza mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo hupiga mbio, usingizi hukimbia. Katika siku 2 za kwanza kifafa chaweza kumwangusha hata mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa maisha yake yote. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine hupatwa na kuchanganyikiwa kukali: huona visivyokuwapo, husikia sauti, joto la mwili hupanda. Hali hiyo isipotibiwa huua. Ikitibiwa mapema, kwa dawa za kutuliza ubongo na kwa uangalizi, walio wengi hupona.

Kuna jambo la pili ambalo mfungo ulizidisha. Mlevi wa muda mrefu hula kidogo, na tumbo lililochomwa na pombe hupokea vibaya vitamini B1, iitwayo tiamini. Bila vitamini hiyo ubongo hushindwa kutumia sukari. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza ugonjwa utokanao na upungufu huo: macho kuyumba, miguu kutojua njia, akili kupotea. Usipotibiwa, unaweza kuacha shimo la kudumu katika kumbukumbu, mtu asiweze tena kushika jambo jipya. Sisi tulimwongezea njaa mtu ambaye ubongo wake ulikuwa tayari una njaa.

Povu na mikazo ya mwili usiku ule vilitokana na ubongo ulionyang’anywa breki kwa siku moja, bila daktari. Sisi tulishangilia, tukidhani ni ushindi. Siwadharau waliosali. Nasema kwamba sala yao ilipaswa kusaliwa kando ya kitanda cha hospitali.

Kupenda ni jambo moja, kutaka ni jingine

Mtaniambia: “Hayo ni ya siku za kwanza. Alitoka hospitali akiwa mzima, mwili wake umesafishwa. Mbona baada ya miezi 2 alirudia? Hapo si alitaka mwenyewe?” Ndiyo, alirudia. Na hapa ndipo sentensi yetu inaposhindwa zaidi, kwa sababu inadhani kwamba “kutaka” ni kiti cha enzi ambacho hakuna kinachokigusa, na mtu ameketi juu yake akichagua.

Kuna kemikali ya tatu, dopamini. Wengi huiita kemikali ya raha, lakini sivyo ilivyo hasa. Katika miaka ya 1990, mtaalamu Wolfram Schultz, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Fribourg huko Uswisi, alipima chembe za dopamini katika ubongo wa nyani waliopewa matone ya maji ya matunda. Mwanzoni chembe hizo ziliwaka tone lilipofika mdomoni. Kisha akawasha taa ndogo kabla ya kila tone. Nyani walipoielewa taa, chembe ziliacha kuwaka kwa tone, zikaanza kuwaka kwa taa. Na taa ilipowaka bila tone kufuata, chembe zilinyamaza kabisa saa ile ile tone lilipotazamiwa. Dopamini, basi, huwaka hasa pale kinapotokea kile kinachoahidi raha. Kazi yake ni kumwambia mnyama: “Hiki ni muhimu, kifuate.”

Huko Michigan, Marekani, Kent Berridge na Terry Robinson walikwenda mbele zaidi. Panya aliyeondolewa dopamini, akitiwa sukari mdomoni, bado huonyesha uso wa kuifurahia. Lakini hatainuka kuitafuta, na asipolishwa atakufa kwa njaa chakula kikiwa karibu. Kupenda kumebaki, kutaka kumekufa. Mwaka 1993 wataalamu hao wawili walieleza kwamba uraibu, yaani utumwa wa kilevi, ni hali iliyo kinyume cha hiyo: kutaka kunazidi kukua, hata kama kupenda kunapungua au kumekwisha.

Muulizeni mlevi yeyote wa miaka mingi. Atawaambia kwamba haifurahii tena pombe, inamchukiza, inamtapisha, na bado anaitaka. Sisi huita maneno hayo uongo. Ni maelezo sahihi ya ubongo wake kuliko hotuba zetu zote. Pombe huamsha endofini, ambazo ni dawa za maumivu zinazotengenezwa na mwili wenyewe, na pamoja nazo huongeza dopamini. Inapofanya hivyo mara elfu, ubongo hujifunza: taa ya baa, mlio wa kizibo kinachofunguka, wimbo fulani, siku ya mshahara, njia ya kwenda kwa mama anayeuza lutuku. Vyote hivyo vinakuwa kama taa ya wale nyani. Wakati huo huo raha ndogo za maisha, kama chakula, mazungumzo au mchezo wa mpira, hupoteza nuru, kwa sababu vipokezi vya dopamini vimepungua. Na mfumo wa ubongo unaoleta hofu na uchungu hubaki umeamka kwa wiki na miezi baada ya chupa ya mwisho. Ajabu si kwamba mpiga ngoma wetu alirudia katika mwezi wa pili. Ajabu ni kwamba alivumilia miezi 2 peke yake, bila kwaya, bila kazi, akipita kila siku mbele ya nganda ile ile.

Kuna ushahidi mwingine ulio rahisi. Mwaka 1994 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo naltreksoni kwa matibabu ya utumwa wa pombe. Dawa hiyo huziba milango inayopokea endofini, na kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza tamaa na kurudia ulevi. Haiwafai wote, wala haitoshi peke yake, na ni daktari tu awezaye kuamua nani aipewe. Lakini fikirini: kama tamaa hiyo ingekuwa ukosefu wa adabu tu, kidonge kingeipunguzaje? Hakuna kidonge kinachofundisha adabu.

Kwa nini yeye, kwa nini si mimi?

Watu wengi hunywa, na walio wengi kati yao hawawi watumwa. Wenye kusema “angetaka, angeacha” hupenda kujitolea wenyewe kuwa mfano: “Mimi nakunywa chupa 2, naacha.” Rafiki, hukuacha kwa sababu wewe ni bora. Tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa na wazazi wasio wa damu yao zinaonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya utumwa wa pombe hutoka katika urithi wa damu. Wapo wanaozaliwa na ubongo unaoipokea pombe kama wimbo waliousubiri, nao hawakuuomba.

Nusu nyingine hutoka katika maisha, na hapo tunaingia sisi. Umri wa kuanza ni jambo zito. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kusema “hapana”, haikomai kabisa mpaka karibu miaka 25. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walifikia utumwa wa pombe mara 4 hivi zaidi ya wale walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi. Sisi tulimpa mpiga ngoma wetu chupa akiwa na miaka 14, tukimpongeza.

Uchungu nao huongeza. Pombe hutuliza hofu, na nchi yetu haijapungukiwa na hofu. Mwenye kukimbia vita usiku na watoto mgongoni, mchimbaji wa Kolwezi au Likasi anayeshuka katika shimo ambalo lilimfunika mwenzake wiki iliyopita, kijana mwenye diploma anayeuza vocha za simu barabarani: kila mmoja anajua kwa nini glasi ya kwanza ilionekana kuwa dawa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilihesabu vifo milioni 2.6 vilivyosababishwa na pombe mwaka 2019, na watu wapatao milioni 209 ulimwenguni wakiishi katika utumwa wake. Je, watu milioni 209 wote wamekosa tu kutaka?

Majibu kwa wapinzani wawili

Mpinzani wa kwanza ataniambia: “Unawafundisha vijana udhuru. Sasa kila mlevi atasema: si mimi, ni dopamini yangu.” Pingamizi hilo ni zito, nami silipuuzi. Kanisa hufundisha, katika namba 2290 ya Katekisimu, kwamba kiasi ni fadhila, na kwamba kutumia kileo kupita kiasi ni kosa. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, katika namba 1735, inakiri kwamba mazoea, hofu na mambo mengine ya nafsi na ya jamii yaweza kupunguza lawama ya mtu, au hata kuiondoa. Anayeisoma namba ya kwanza bila ya pili amesoma nusu ya mafundisho.

Tena, ugonjwa haumwondolei mtu wajibu, humbadilishia wajibu. Mgonjwa wa kisukari hana kosa kwa kuwa na kisukari, lakini ana wajibu wa kufuata matibabu. Vivyo hivyo mlevi. Huenda leo hana uwezo wa kusema “hapana” akiwa ameketi mbele ya chupa, lakini asubuhi, saa ile akili inapokuwa na nafasi kidogo, anao uwezo wa kusema “nisaidieni”, wa kubadilisha njia, wa kumkabidhi mama yake mshahara. Uhuru wake umekuwa mdogo kama dirisha la chumba cha mfungwa. Kazi yetu ni kulipanua dirisha hilo. Kila tunapomwaibisha, tunaongeza hofu ile ile inayoutuma ubongo wake kutafuta chupa.

Mpinzani wa pili husema: “Ni pepo, na pepo hatibiwi hospitali.” Ndugu yangu, kama mlevi anapoachishwa pombe anatetemeka, na dawa ya kutuliza neva inaituliza mitetemo hiyo kwa saa moja, basi tunajua kilichokuwa kikitetemeka. Mungu aliyemwumba mwanadamu ndiye aliyemwumbia chembe za neva. Kumpeleka mgonjwa kwa daktari hakumnyang’anyi Mungu utukufu wowote.

Wala Wakatoliki hawakuanza jana kulielewa jambo hili. Agosti 1939, huko Akron, Marekani, mtawa Sista Ignatia alimpokea mlevi katika hospitali ya Mtakatifu Thomas. Siku zile hospitali nyingi hazikukubali walevi, basi alimwandika katika daftari kuwa ana ugonjwa mkali wa tumbo, ili apate kitanda. Baada ya huyo, maelfu walipita mikononi mwake. Hapa kwetu watawa wa shirika la Frères de la Charité wana vituo vya kutibu magonjwa ya akili: SOSAME huko Bukavu, Tulizo Letu huko Goma, na kituo chenye jina la Dr Joseph Guislain huko Lubumbashi. Kanisa letu limejenga milango hiyo. Sisi katika vikundi vyetu tunafanya kana kwamba haipo.

Tazameni pia Mtumishi wa Mungu ambaye Papa Paulo VI alimpa jina la Mheshimiwa (Venerabilis) mwaka 1975: Matt Talbot wa Dublin, huko Ireland. Alizaliwa mwaka 1856, akaacha shule na kuanza kazi akiwa na miaka 12 kwa mfanyabiashara wa mvinyo, na huko huko akaanza kunywa. Baba yake na ndugu zake karibu wote walikuwa walevi. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alisimama nje ya baa bila senti moja, akingoja marafiki aliowanywesha wamnunulie. Wote walipita. Alikwenda nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuapa.

Angalieni namna alivyoapa. Hakuanza na kiapo cha maisha yote. Aliapa kwa miezi 3. Ilipokwisha, akaapa kwa miezi 6, kisha ndipo akaapa kwa maisha. Alijizoeza kutembea bila fedha mfukoni, asije akashindwa mbele ya mlango wa baa. Jioni, saa zile alizozoea kunywa, alizijaza kwa sala kanisani. Hakujua neno dopamini, lakini alijua taa zake ziko wapi, akaziepuka moja baada ya nyingine. Aliishi hivyo miaka 41, hadi alipofariki mwaka 1925. Kutaka alitaka sana, na bado hakuutegemea utashi wake peke yake hata siku moja.

Tunachodaiwa

Kwa hiyo, vijana, sitaki mtoke hapa mkiwa na huruma tu. Nina madai manne, na ninaanza na lile litakalotuuma zaidi.

Kwanza, tuache kuuza bia katika kermesi na sherehe za vikundi vyetu. Nasikia jibu: “Ndiyo inayoleta fedha.” Ndiyo, inaleta. Tunachanga fedha za hija kwa chupa, kisha katika hija hiyo tunawaombea walevi. Tuuze munkoyo usiochachuka, juisi, mandazi, samaki wa kukaanga. Tukipata nusu ya fedha, twende hija iliyo karibu zaidi.

Pili, tusimlipe wala tusimtuze mtoto kwa kilevi, iwe arusini, iwe matangani, iwe baada ya mchezo. Mwenye miaka 14 aliyebeba viti apewe chakula, apewe shukrani.

Tatu, tusimwachishe pombe mtu anayekunywa kila siku bila kumpeleka kwanza kituo cha afya. Akitetemeka asubuhi kabla ya kunywa, au aliwahi kuanguka kifafa alipoacha, hiyo ni alama ya hatari. Asifungiwe, asifungwe kamba, asifungishwe chakula wala maji. Mfungo wake utangoja, na ninyi mnaompenda mnaweza kuufunga kwa niaba yake.

Nne, anaporudia, asikute mlango umefungwa. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu, kama homa inavyorudi kwa mwenye malaria ambayo haijaisha. Anayerudia na kukaribishwa hurudi kwa matibabu mapema. Anayerudia na kuchekwa hujificha, na mafichoni mwake kuna chupa tu.

Mpiga ngoma wetu bado yu hai. Tangu usiku ule ameanguka mara 3, na sasa ana miezi 7 bila kilevi. Hapigi tena katika arusi, kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu anajua kinachomngoja huko. Dominika hupiga ngoma katika Misa ya pili, na vijana 2 wa kwaya humsindikiza nyumbani kwa njia ya nyuma, isiyopita mbele ya nganda. Barua ile niliyoiandika nilimwomba anirudishie. Alisema aliichana zamani, na kwamba hakukasirika, maana hata yeye wakati ule aliamini tuliyoyasema. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote: kwa miaka mingi, kila asubuhi, mikono ikitetemeka, alijiambia mwenyewe kwamba angetaka, angeacha.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni nani tuliyemwondoa au tuliyeacha kumtembelea kwa sababu ya ulevi? Nani kati yetu atakwenda kwake wiki hii, na atamwuliza nini?

2. Kituo cha afya kilicho karibu nasi kina muuguzi au daktari anayeweza kuja kutueleza dalili za hatari za mtu anayeachishwa pombe? Nani atakwenda kumwomba?

3. Sherehe yetu ijayo ni lini, na tutauza nini badala ya bia?